Kuchora Usichokizoea



Ukisimama kituoni Buruburu au Umoja, jijini Nairobi, asubuhi hii, matatu zitakupita zimebeba sura za wanamuziki na wachezaji mpira. Wachoraji wa mitaa hii ya Eastlands wanazijua sura hizo kama viganja vyao. Macho, ndevu, cheni shingoni: mkono unakwenda wenyewe.

Kisha ikaja Machi 2020. Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na katika mitaa kama Mathare wasanii wakashika mikebe ya rangi, wakawaonya majirani ukutani. Ghafla ikabidi wachore kirusi, kitu ambacho jicho halikioni. Ikabidi wachore barakoa, inayoficha mdomo na kuyaachia macho hisia zote. Na maji ya kunawa! Maji hayana rangi. Huyapati ila kwa kuchora mwanga unaomeremeta juu yake na kivuli kilicho chini.

Ndiyo faida ya kazi usiyoizoea: inakulazimisha utazame upya, usichore kwa mazoea. Aliyejifunza kuchora maji akirudi kwenye sura ya yule mwanamuziki wa kwenye matatu, safari hii hata jicho litakuwa na unyevu.

Basi wewe fundi, mwalimu, mama mboga, ukipewa leo kazi ngeni, usikimbilie kusema si fani yako. Uliza, tazama, jaribu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.