Je, Uwongo wa Mchezoni ni Uwongo?

Kuna swali ambalo vijana wanaulizana: kudanganya mwenzako katika mchezo ni kosa, ao si kosa? Wanasema hasa juu ya mchezo mmoja ambao Dimitry Davidoff aliubuni kule Moscow katika miaka ya 1980, akauita Mafia. Mwaka 1997 Andrew Plotkin wa Marekani aliugeuza kuwa mchezo wa mbwa-mwitu. Na mwaka 2001 karata zake zilitoka Ufaransa kwa jina la Les Loups-garous de Thiercelieux.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe. Mtu mmoja anaongoza. Wengine ni wenyeji wa kijiji, na kila mmoja amepewa karata kwa siri. Wachache kati yao ni mbwa-mwitu wenye sura ya watu. Usiku wote wanafumba macho. Mbwa-mwitu peke yao wanafumbua, wanajuana, wanachagua mtu wa kuliwa. Kukicha, kijiji kinashauriana na kupiga kura. Mwenye kura nyingi anatoka, na karata yake inafunuliwa.

Basi, mbwa-mwitu anaposema, «Mimi ni mtu mwema», je, ametenda kosa? Augustino, katika kitabu chake juu ya uwongo, aliweka mizaha kando, maana sauti ya msemaji inaonyesha wazi kwamba anacheza. Toma wa Akwino alikuwa mkali zaidi: uwongo wa kuchekesha aliuhesabu kuwa uwongo, ingawa mwepesi. Sisi tunafikiri hivi: mwongo anaiba imani ya mwenzake. Lakini hapa hakuna aliyeibiwa. Wote wamepatana mbele, tena kwa hiari, kwamba maneno ya mchezo si ushuhuda.

Lakini mapatano hayo yana mpaka. Mchezaji akisema, «Naapa kwa kaburi la baba yangu», ao, «Wewe rafiki yangu, nimekudanganya lini?», ametoka nje ya mchezo kwenda kuchukua kitu ambacho hakikuwekwa mezani. Kesho, akiapa kwa kweli, nani atamsadiki? Karata zinarudi sandukuni, kiapo hakirudi.

Tena kuna hatari kubwa kuliko uwongo, nayo iko kwa wale wenye karata njema. Tuwatazame wakihukumu. «Huyu amenyamaza mno.» «Yule amecheka vibaya.» Wanapiga kura, karata inafunuliwa: kumbe ni mtu mwema! Wote wanacheka, naye anacheka pamoja nao. Lakini mzee anayeitwa mulozi kwa sababu macho yake ni mekundu, ao mtoto anayeshitakiwa kwa sababu anaota usiku, karata yake itafunuliwa na nani? Watu wanampiga, wanamfukuza, na hakuna anayerudi kusema, «Tulikosa.»

Wengine watasema: «Basi mchezo huu unafundisha kushuku watu; tuuache.» Hapana. Unaweza kufundisha kinyume chake, maana unaonyesha kwamba uso wa mtu si ushuhuda, na kwamba wingi wa kura si ukweli. Lakini fundisho hilo halifiki lenyewe. Kazi hiyo ni ya mwenye kuongoza, ambaye peke yake anakaa macho wazi usiku na mchana.

Kwanza, asipendelee upande wowote, hata kwa kikohozi. Pili, asikubali mgeni ao mnyonge awe wa kutolewa kwanza kila mara. Tatu, kama kati yao yuko mtu aliyepata kushitakiwa kweli nyumbani kwao, achague mchezo mwingine. Jeraha si kitu cha kuchezea. Nne, mwishoni aulize: «Mulimtoa fulani kwa sababu gani?» Hapo kila mtu asikie sababu yake mwenyewe ikisemwa kwa sauti, aone jinsi ilivyokuwa nyembamba.

Wapenzi, chezeni. Lakini siku watu watakapokusanyika kwa kweli na kunyosha kidole, kumbukeni ile karata iliyofunuliwa, mukaombe ushuhuda kwanza.