Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Niliwahi kuombwa kuifasiri methali hii kwa Kiingereza, na neno lililonishinda ni “apone”. Mwenyeji anaumwa nini? Wazee wetu hawakusema.

Nimeikumbuka kwa ajili ya Ibadakuli, kata ya Manispaa ya Shinyanga yenye uwanja wa ndege. Ukanda ule umezoea wageni: almasi ya Mwadui iliwaita tangu 1940, dhahabu ya Geita ikawaita tena mgodi mkubwa ulipofunguliwa 2000. Barabara ikitiwa lami, uwanja ukipanuliwa, huja wengine. Mama ntilie hupata walaji, mwenye kiwanja hupata bei. Hao wamepona.

Na mpangaji wa chumba kimoja je? Sheria ya Ardhi ya 1999 humfidia anayetwaliwa ardhi yake, hata kwa usumbufu na usafiri. Aliyeondoshwa na pango lililopanda hakutwaliwa kitu. Kahama kwa hiari yake, husemwa. Sisi wa Mji Mkongwe twaijua hiari hiyo.

Simlaumu mgeni. Huenda naye kasukumwa na pango la kwingine. Nauliza tu: bei ile mpya ni jasho la nani? Haikutoka jembeni mwa mwenye kiwanja. Imetoka katika ushuru wa wote, na mpangaji huulipa katika kila kiberiti anunuacho. Basi ana haki ya kudai sehemu yake, walau muda wa kujitayarisha na pango lisilopanda kwa mkupuo.

Mwenye nyumba atanuna. Na anune.