Kiti Kilichochakaa: Baina ya Kusitiri na Kuficha

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili ambayo kwa haraka huonekana kuwa ni ndugu wa tumbo moja: kusitiri na kuficha. Yote mawili huweka kitu nyuma ya kitu kingine. Hata hivyo, mwenye kusitiri humhifadhi mwenziwe, ilhali mwenye kuficha aghalabu hujihifadhi nafsi yake. Tofauti hiyo ni nyembamba mithili ya uzi, na pahala pamoja inapoonekana mchana kweupe ni juu ya kiti cha gari kilichochakaa.

Ichukuliwe teksi ya mjini Unguja, iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imeshatumika, kisha ikapokewa na jua na unyevu wa chumvi wa pwani. Kiti cha dereva ndicho kinachotangulia kusema umri wake. Huanza kulika ubavuni, upande wa mlango, kwa kuwa kila apandapo na kila ateremkapo dereva hujiburura juu yake. Kiti cha nyuma nacho hupauka juu ya egemeo, pale jua linapopiga kupitia kioo. Baadaye nyuzi hulegea, mshono ukaachama, na sponji ya ndani, iliyokuwa laini na yenye kuinuka, ikageuka kuwa unga wa manjano unaomwagika sakafuni.

Dereva anayaona yote hayo. Lakini gari si lake. Ni la tajiri, na kila jioni hesabu yake inangojewa. Tajiri hakikalii kiti hicho. Anayekikalia ni dereva, tangu alfajiri hadi usiku, na abiria ambao kila mmoja hukaa robo saa na kwenda zake. Basi swali linazaliwa: ni lini kiti kinastahiki kubadilishwa, na ni nani mwenye haki ya kusema kwamba wakati umewadia?

Yapo majibu mawili mepesi. La kwanza ni la mwenye kupenda upya kwa ajili ya upya. Huyo doa moja la chai linamtosha kuita fundi. Wahenga walimjua, wakasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Jibu lake ni israfu, kwani kitambaa kilichopauka hakijamdhuru mtu, na doa si kosa la kiti. Jibu la pili ni la yule asemaye, "Bado kinakalika." Maneno hayo yana sura ya uangalifu wa mali, na mara nyingine huwa hivyo kweli. Lakini inafaa kumtazama anayeyasema. Mara nyingi ni yule asiyekikalia.

Baina ya majibu hayo mawili, lugha inatoa tena msaada. Kuchakaa si kuharibika. Kizingiti cha nyumba ya kale kilicholiwa na nyayo za vizazi kimechakaa, na hapana mwenye akili atakayekimbilia kukibomoa. Kulika kwake ni ushahidi wa kazi iliyofanyika. Kitu kimeharibika pale kazi yenyewe inapokoma. Na kiti kina kazi zake: kuubeba mwili, kuushikilia gari linapokata kona au kufunga breki ghafla, na kumhifadhi mkaaji na chuma kilicho chini yake. Fundi mzoefu wa viti hamalizi hukumu kwa macho. Huweka kiganja katikati ya kiti, akakandamiza, akangoja. Sponji ikiinuka kuufuata mkono, maradhi ni ya kitambaa tu, na kitambaa hushonwa. Mkono ukikutana na springi, basi kitambaa hakikuwa mgonjwa. Kilikuwa kinatoa habari za mgonjwa.

Hapo ndipo linapojitokeza jibu la tatu, ambalo ni baya kuliko yale mawili: kava mpya ya bei nafuu juu ya kiti kilichokufa. Gari linang'ara, tajiri ameridhika, abiria anapanda kwa furaha, na springi ile ile inamchoma. Kava hiyo hiyo, kwa bei ile ile, ikivishwa kiti kizima chenye kitambaa kilichochakaa, ni sitara. Ikivishwa kiti kilichovunjika, ni ficho. Kilichobadilika hakipo dukani. Kipo chini ya kava, ambako mnunuzi anakujua na abiria hakujui.

Watu wa Mji Mkongwe hawahitaji kufundishwa jambo hili na magari. Kuta za majumba yao zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za namna hiyo hupumua: unyevu huingia ukatoka. Anayepaka lipu ya saruji juu ya ukuta kama huo hupata uso mgumu na mzuri, lakini unyevu hufungiwa ndani, ukaendelea kuula ukuta pasi na mtu kuona. Wahenga waliagiza kuziba ufa. Hawakuagiza kuupaka rangi.

Waama, katika magari ya miaka ya karibuni jambo hili limekuwa la uhai. Mengi yake yana mfuko wa hewa uliowekwa ndani ya ubavu wa kiti cha mbele, ambao hufumuka gari linapogongwa ubavuni. Katika viti vingi vya namna hiyo, watengenezaji hupitisha pale mshono dhaifu kwa makusudi, ili upasuke katika kile kipande kidogo cha sekunde kinachohitajika. Fundi asiyejua, kwa nia njema kabisa, hushona upya kwa uzi imara wa nailoni, au mwenye gari huvisha kava nzito inayoufunika ubavu wote. Kiti kimepata uimara, na mwenye kukaa amepotewa na kinga. Kwa hiyo nia njema peke yake haitoshi kuwa sitara. Sharti iandamane na ujuzi wa kile kinachofunikwa.

Zamani, kabla ya sponji za viwandani kuenea, viti vya magari mengi ya Ulaya vilijazwa manyoya ya farasi au usumba uliochanganywa na mpira. Usumba ni kitu cha nyumbani katika visiwa hivi: makumbi huzikwa pwani, yakaoza, yakapondwa, yakasokotwa kamba. Kwa kamba hizo mabaharia wa mwambao walizishona mbao za mitepe bila ya msumari. Kamba ya baharini huchoka, na chombo kilichoshonwa kilihitaji kushonwa tena. Wayunani wa kale waliuliza kuhusu jahazi lililobadilishwa ubao mmoja baada ya mwingine: je, bado ni lile lile? Ni swali zuri la barazani. Lakini abiria wa mtepe hakuwa na haja nalo. Yeye alitaka kujua kama nahodha amezikagua kamba kabla ya kung'oa nanga.

Swali la kiti ni la namna hiyo. Halihusu umri wa kitu wala sura yake. Linahusu nani anayebeba uchakavu wake. Kuvuja kwa pakacha, walisema wazee, ni nafuu ya mchukuzi. Na kila siku ambayo tajiri anaahirisha kumwita fundi, nafuu inabaki mfukoni mwake na uzito unahamia kwenye migongo ya watu asiowajua. Maadamu uchakavu unamgusa mwenyewe tu, ana hiari ya kuvumilia, na uvumilivu wake huenda ukawa hekima. Siku unapoanza kumtoza mtu ambaye hakuulizwa, wakati umewadia, hata kama kitambaa bado kinapendeza.

Na kama fedha haipo? Umasikini ni udhuru, na dereva hawezi kununua sponji kwa huzuni. Lakini hata hapo mlango wa sitara haujafungwa. Dereva mmoja anakunja kanga mara nne, anaitandika juu ya tundu, kisha anamwambia mama mtu mzima anayepanda: "Bi mkubwa, nakuomba ukae upande huu, pale pana springi, itakuchania buibui." Mwingine anaitandika kanga ile ile, juu ya tundu lile lile, akanyamaza. Wa kwanza amesitiri. Wa pili ameficha. Baina yao hapana tofauti ya mali hata senti moja. Pana sentensi moja tu ya kweli, nayo haishonwi na fundi yeyote.