Saa Kubwa Mkononi

Soma 1 Samweli 16:7 na 1 Petro 3:3, 4.

Saa kubwa za mkononi zilianza kwa haja. Kampuni ya Panerai iliwatengenezea wapiga mbizi wa jeshi la majini la Italia saa zenye upana wa milimita 47, ili zisomeke gizani chini ya maji. Wanajeshi wa anga wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili walivaa za milimita 55 juu ya mkono wa koti. Leo saa kubwa huvaliwa ofisini na kanisani, penye mwanga wa kutosha.

Je, ukubwa wenyewe ni dhambi? La. Petro hakuweka kipimo cha pambo. Alielekeza kwenye moyo. Saa ndogo ya dhahabu yaweza kubeba majivuno kuliko kubwa ya plastiki, na anayemhukumu jirani kwa saa yake naye amekwama kwenye sura ya nje. Lakini saa ya mpiga mbizi ilitengenezwa ili yeye mwenyewe aisome. Inapochaguliwa ili wengine waione, imebadilishiwa kazi: haipimi tena wakati, inampima mvaaji.

Swali la kujadili: Kama saa hiyo ingefunikwa na mkono wa shati siku zote, je, mwenyewe angeendelea kuitaka?