Bibi, Mjane wa Sarepta na Gunia Langu la Mpunga



Mwezi uliopita tulimzika bibi yangu hapa Rujewa, akiwa na miaka 91. Watu walijaa mpaka barabarani. Walikuwepo WAWATA na vitenge vyao, wanajumuiya, majirani Walutheri na Wamoravian, na akina mama wa Kiislamu waliokuja kutusaidia kupika. Kila aliyesimama kutoa neno alisema bibi alikuwa mama wa wote. Nililia kama wengine. Lakini nikiri kwenu: ndani yangu kulikuwa na kisauti kinauliza, "Na sisi wa nyumbani je?"

Swali hilo nilikuwa nalo tangu Desemba 2003.

Mwaka ule nilikuwa nimefaulu darasa la saba. Bibi ndiye aliyenilea. Ndani tulikuwa na magunia mawili ya mpunga, moja la kula na moja la shule. Tulikuwa tunasubiri Januari bei ipande, tuuze, nipate ada, sare na godoro. Yaani nilikuwa nalala chumba kimoja na gunia langu, kila usiku naliangalia.

Sasa, bibi alikuwa anajitolea kuhudumia wagonjwa majumbani. Hakuna aliyemlipa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia wakati huo ugonjwa ulikuwa umeshatufikia sisi tulio karibu na barabara kuu iendayo Tunduma. Dawa za bure zilikuwa bado. Serikali ilianza kuzitoa mwishoni mwa 2004. Watu waliogopa hata kushika kikombe cha mgonjwa. Bibi alikuwa anaingia na uji wake na sabuni, anaosha mtu, anafua mashuka, anasali naye, anaondoka.

Mgonjwa mmoja alikuwa utingo wa malori, kijana wa mbali, amepanga chumba, hana ndugu hapa. Hali yake ilipozidi, bibi aliuza gunia la shule. Akakodi gari, akampeleka hospitali Mbeya mjini, safari ya zaidi ya kilomita 100. Akakaa naye siku tisa. Siku ya kumi alirudi na mfuko wa rambo wenye kandambili za yule kijana. Alikuwa amefariki.

Mimi nilifika shuleni nimechelewa mwezi mzima. Baba mdogo alikasirika sana, akamfungulia bibi 1 Timotheo 5:8, pale Mtume Paulo anaposema asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini. Bibi alinyamaza. Mimi nikamfuata jikoni: "Bibi, si alikufa tu? Hela imepotea bure."

Akaniambia, "Mume wangu, amekufa ameshikwa mkono. Wewe ukifika siku hiyo utataka nini?"

Sikuwa na jibu, ila hasira haikuisha.

Vijana, tunapenda kusema upendo unaanzia nyumbani, na ni kweli. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba upendo una mpangilio, na walio karibu nasi wana haki ya kwanza. Lakini huyohuyo anaongeza kwamba mgeni aliye kwenye shida ya kufa anaweza kutangulia hata mbele ya mzazi, kama mzazi hayuko kwenye shida kama hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani ni wangu, inabidi niulize nani hawezi kusubiri. Mimi niliweza kusubiri mwezi mmoja. Yule kijana hakuweza. Mtume Paulo anamkemea anayewatelekeza watu wake, na bibi hakunitelekeza; alinichelewesha.

Hapo akili yangu ilikubali, lakini moyo bado. Kilichonisaidia ni kusoma tena habari za mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17. Huwa tunamsifu yule mama kwa kumpa Eliya mkate wa unga wake wa mwisho. Lakini angalieni, unga ule haukuwa wake peke yake. Alikuwa na mtoto. Mgeni alikula kwanza, na mtoto akasubiri. Hakuna mahali tunaambiwa kwamba mtoto aliulizwa.

Mtoto yule ni mimi. Tofauti ni kwamba kule Sarepta unga haukuisha. Rujewa mpunga uliisha kweli, tukakopa mahindi mpaka mavuno.

Miaka miwili kabla ya kufariki, bibi aliniita kitandani kwake. Akasema, "Lile gunia lako. Nilipaswa kukuuliza. Nilijua utakataa, ndiyo maana sikukuuliza. Nisamehe."

Nikamwambia, "Kweli, bibi, ningekataa."

Akacheka kidogo. "Ningeuza hivyohivyo. Ila ningekuuliza."

Nimetafakari sana maneno hayo. Bibi hakujutia kumsaidia yule kijana, na sidhani alipaswa kujuta. Alijutia kwamba sadaka ilitoka mikononi mwangu bila mimi kuitoa. Angeniuliza, labda ningelia, labda ningekataa, lakini ningepewa nafasi ya kutoa pamoja naye. Bila kuulizwa, nilibaki mtu aliyechukuliwa chake, na nikabeba kinyongo karibu miaka 20.

Wengi wetu tunajitolea kwenye kwaya, VIWAWA, hospitali, kwa wenye shida. Ni vizuri sana. Lakini muda tunaotoa huko mara nyingi ni wa mtu nyumbani: mke anayesubiri, mdogo wako anayebaki kupika, mama anayeumwa mgongo. Wiki hii mkalishe mtu huyo, mwambie unakwenda wapi na kwa nini, na umsikilize. Unaweza kukuta anayo sadaka kubwa kuliko yako, ila hakuna aliyewahi kumuomba.

Jana jioni nilipita kaburini. Nikasema, "Shikamoo bibi. Uliniuliza umechelewa, na mimi nakujibu nimechelewa. Ndiyo, uza."

Apumzike kwa amani. Na yule kijana pia.