Picha Ni ya Nani?

Nchelenge iko ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru, katika Mkoa wa Luapula, Zambia. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Kwa hiyo jioni jua huzama ziwani, na kila mwenye kamera, iwe ya simu au ya kuning'iniza shingoni, hugeukia huko. Picha inayopatikana tunaijua sote: anga la rangi ya chungwa, mtumbwi, na mvuvi mweusi tititi asiye na pua wala macho.

Weusi huo ni kazi ya kamera. Ikielekezwa kwenye anga linalong'aa, hupunguza mwanga inaoupokea, na aliyesimama mbele ya anga hilo hubaki kivuli. Vivuli navyo vina uzuri wake, sikatai. Lakini tukifululiza hivyo miaka nenda miaka rudi, tutakuwa na picha za wavuvi wa Mweru tele, na hatutamtambua hata mmoja.

Zamani mtu hakupotea kirahisi hivyo kwenye picha, kwa sababu ndiye aliyeilipia. Pale Capital Art Studio, Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, mteja alikuja amevaa atakavyo na akaondoka na picha yake mkononi. Mpiga picha akimtoa kiza uso mzima, nani angemlipa? Filamu ilikuwa ghali, na ughali huo ulimpa sauti aliyeketi mbele ya kamera.

Mwaka 1975 Steve Sasson wa Kodak alitengeneza kamera ya dijitali iliyochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja isiyo na rangi. Leo tunapiga mamia kabla ya chai bila kutoa senti. Ni neema kwa sisi tunaojifunza, maana kukosea hakugharimu kitu. Ila mvuvi halipi tena, na asiyelipa tumemfanya sehemu ya mandhari, sawa na matete na mawimbi.

Ndiyo maana nikiwa Nchelenge napenda zaidi asubuhi. Jua hutoka nchi kavu, nyuma ya mgongo wako unapotazama ziwa, na huangaza nyuso za wanaorudi kutoka kuvua chisense kwa taa usiku kucha. Samaki hao wadogo, ndugu wa dagaa wetu, huanikwa juani mpaka ufuo unameremeta fedha.

Hapo ndipo nilipomwomba picha mama mmoja mchuuzi aliyevuka kutoka Kilwa, upande wa Kongo. "Papa, ngoja kwanza," akaniambia. Akafunga upya kitambaa cha kichwa, akasogea mbali na fungu lililokuwa bado bichi, akasimama kando ya lile lililokauka vizuri, kopo lake la kupimia kiunoni. Nilipomwonyesha picha kwenye kioo cha kamera akaitazama kwa makini, kisha akatikisa kichwa: kopo halionekani, rudia. Nikarudia. Picha ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza, na aliyeipanga ni yeye. Mimi nilikuwa nimeona samaki wengi. Yeye alijua ni fungu gani la kujivunia.

Wanaoanza huniuliza wanunue lenzi gani. Mimi huwajibu kwamba lenzi watanunua baadaye. Kwanza waombe ruhusa, wasogee karibu, wapime mwanga kwa uso badala ya anga, na wamwonyeshe mwenye sura picha yake kabla ya kuondoka. Akikataa, ifutwe mbele yake. Akiipenda, atumiwe kwenye simu, na asiye na simu achapishiwe apelekewe. Wako watakaosema huko ni kupoteza muda. Lakini mvuvi yule ametupa sura yake bure, na kilichotolewa bure nacho kina mwenyewe. Kumpa nakala, na kumwachia neno la mwisho, ndiyo bei ya picha siku hizi, na si ghali hata kidogo.