Uchovu wa Mwalimu na Haki ya Mtoto

Je, uchovu waweza kumtoa mwalimu lawamani? Elimumsingi bila ada, hadi kidato cha nne, ilipoanza nchini Tanzania mwaka 2016, madarasa mengi yalifurika. Mwalimu husahihisha rundo la madaftari, na moyoni amebeba deni la duka na ugonjwa wa nyumbani. Mtoto akikosea jibu dogo, fimbo huinuka upesi. Wahenga walinena kwamba hasira hasara. Lakini hapa hasara humpata asiyekasirika.

Kanuni za mwaka 2002 zaagiza viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Hekima tuionayo humo ni kuweka nafasi kati ya hasira na mkono.

Basi uchovu hueleza kosa, wala haulifuti, kwa kuwa mtoto hakuuleta. Walakini jamii inayojaza darasa bila kuongeza walimu ina fungu lake la lawama. Mwalimu na auzuie mkono wake leo. Nasi tusingoje kesho kumpunguzia mzigo.